Gari unaloliendesha shingo upande: uliuze au ubaki nalo? Maelezo kwa jamaa zetu wa Kabiria

Kuna gari bovu na kuna gari lisilopendwa, na hayo ni mambo mawili. Gari bovu halina mjadala mrefu: ama litengenezwe, ama liondoke uani. Gari lisilopendwa ndilo lenye mtihani. Linawaka kila asubuhi, halijakuacha njiani hata siku moja, deni la sacco limekwisha, lakini ukishika usukani roho inasinyaa. Unatafuta visingizio vya kupanda matatu. Wikendi watoto wakitaka kutoka, unasema umechoka.

Jamaa wa Pwani wanaoishi upande wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Kabiria na Satellite hadi Ngando, Waithaka na Kawangware, hawakosi mshauri katika jambo hili. Dalali wa zile yadi za Ngong Road atakwambia uza leo, mteja yupo. Fundi wako atakwambia usiuze, gari zima hilo. Kila mmoja jibu lake lina tonge lake ndani. Makala haya yanaeleza njia ya kulipima jambo lenyewe kabla ya kusikiliza yeyote kati ya hao wawili.

La kwanza, na ndilo linalorukwa na watu wengi, ni kujua unachokichukia hasa. Chaweza kuwa gari lenyewe. Chaweza kuwa njia unayolipitisha. Chaweza pia kuwa ile kazi ya kuendesha, gari liwe lolote. Kuuza na kununua jingine kunatibu chuki ya aina moja tu kati ya hizo tatu. Kwa mbili zilizobaki utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka gari moja hadi jingine, na kulipia uhamisho huo pesa nyingi.

Njia au gari?

Anayetoka Kabiria asubuhi kuelekea mjini anaijua safari yenyewe. Barabara ni nyembamba, matatu inasimama popote abiria aliponyoosha mkono, boda zinapenya kushoto na kulia, mkokoteni wa maji uko mbele yako na mwenye mkokoteni hana haraka. Ukifika Naivasha Road ndipo jamu yenyewe inapoanza, na Dagoretti Corner ni hadithi nyingine. Mvua ikinyesha usiku, mtaro umefurika, shimo la jana limejificha chini ya maji. Katika hali hiyo mguu hautoki kwenye breki, na gari la shilingi milioni 8 linatambaa sawa na la laki 5. Mwenye kuchukia safari hii hajathibitisha bado kwamba analichukia gari.

Kipimo chake ni rahisi na bei yake ni lita chache za petroli. Ondoka Jumapili alfajiri, peke yako, tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Shika Ngong Road uelekee Karen, au ingia Southern Bypass, uende nusu saa bila kusimamasimama, kisha urudi. Usiwashe redio. Ukirudi nyumbani na moyo umetulia, unachokichukia ni saa moja ya asubuhi pale Naivasha Road, na hakuna yadi inayouza dawa ya hiyo. Dawa ni kubadilisha saa ya kutoka ukiweza, au siku za mjini upande matatu na gari ulibakishie safari nyingine. Ukirudi na lile lile zito moyoni, basi endelea kusoma.

Kuna jambo moja linalowahusu zaidi watu wa kwetu, na sijaliona likiandikwa mara nyingi. Gari lililokuwa jepesi Mombasa huonekana limechoka likifika Nairobi, na mwenyewe huanza kulichukia akidhani limeharibika. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kipimo chake kile kile, lakini hewa hiyo ina oksijeni kidogo zaidi, kwa hiyo nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Gari la 1,000cc, Vitz au Passo kwa mfano, linafanya kazi huku kana kwamba lina 840cc. Lipakie watu wanne, washa AC, mpandishe mlima, na utaapa kwamba linavutwa na kamba kutoka nyuma. Hakuna fundi atakayeitengeneza hali hiyo, ingawa wapo watakaokutoza pesa kwa kujaribu. Hapo uamuzi unakuwa wazi: kama utaishi Nairobi miaka mingi na njia zako zina vilima, injini ndogo ni sababu halali ya kuuza. Kama mkataba wako wa kazi ni wa mwaka mmoja kisha unarudi Kilifi, vumilia.

Yanayotengenezeka

Chuki nyingi dhidi ya gari, ukizichambua, zinatokana na vitu vya bei ndogo. Andika kwa wiki mbili kila kinachokukera, siku ile ile, kwa maneno ya kawaida: "limeruka sana kwenye tuta", "linanguruma likisimama", "sioni vizuri usiku". Orodha hiyo ndiyo utakayompelekea fundi. Ukimwambia tu kwamba hulipendi gari, hana pa kuanzia.

Anza na tairi. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye kiwango cha upepo wa tairi. Kiwango hicho kimeandikwa kwa kilopaskali, 220 au 230 kwa magari mengi madogo, ilhali kipimo cha petroli stesheni husomwa kwa psi. Kilopaskali 220 ni psi 32. Yule kijana wa stesheni asiyesoma kibandiko akikujazia 40, gari linakuwa gumu kama mbao, kila jiwe la Kabiria unalihisi mgongoni, na lawama analipata aliyelitengeneza. Tairi kuukuu zenye vifundo, au zilizokauka kwa umri, hutoa kelele na mtikisiko ambao watu hudhani ni wa injini.

Baada ya tairi, bushi na shoki. Njia zetu hizi huzimaliza haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Gari linalogonga chini kwenye kila tuta, au linaloyumba kama jahazi likikata kona, mara nyingi linadai vitu hivyo tu. Mtikisiko unaokuja gari likiwa limesimama na gia iko D, kisha ukapotea ukiweka N, ni wa maunti za injini. Usukani unaovuta upande mmoja unataka alaimenti. Taa za mbele zilizogeuka rangi ya chai huwafanya watu waogope kuendesha usiku kwa miaka, na kumbe kuzing'arisha ni kazi ya muda mfupi tu.

Probox nalo lina kesi yake. Toyota walilitoa Japani mwaka 2002, hasa kama gari la kazi la makampuni, la kubeba mizigo nyuma. Springi zake zimepangwa kwa ajili ya mzigo. Likiwa tupu linarukaruka, na anayeliendesha peke yake kila siku atalichukia kwa haki. Lipe kilo 200 za vitenge kutoka Eastleigh uone linavyotulia. Kwa mfanyabiashara ni gari zuri sana. Kwa mwalimu anayebeba begi moja la vitabu ni adhabu, na hakuna ukarabati wa maana utakaoibadilisha tabia hiyo.

Nissan Note na wenzake wenye gia za CVT wana lawama nyingine: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linakuja baadaye. Gia hiyo haina ngazi za moja, mbili, tatu. Ina mkanda na puli mbili, na mngurumo huo kwa kiasi fulani ndiyo tabia yake. Lakini likisitasita, likishtuka likiwa baridi, au likitetemeka ukiondoka polepole, hiyo si tabia tena, ni ugonjwa. Uliza historia ya mafuta ya gia. CVT inataka mafuta yake maalumu, na aliyemimina ya gia ya kawaida ili kuokoa shilingi elfu mbili amekununulia msiba wa laki moja na zaidi.

Na yako madogo ambayo watu huona haya kuyataja. Redio za Japani hushika mawimbi ya FM kuanzia 76, na nyingi zinaishia 90, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kutoka 87.5 hadi 108. Kwa hiyo mtu anaendesha miaka miwili bila kusikia stesheni anayoitaka, skrini imeandikwa herufi asizozijua, na kila akiwasha gari mwanamke anamwambia jambo kwa Kijapani. (Mara nyingi anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Hana tusi lolote.) Redio mpya ni pesa kidogo ukilinganisha na kubadilisha gari, na nimeona uhusiano wa watu na magari yao ukipona kwa redio.

Yasiyotengenezeka ni machache, na hayo ndiyo sababu za kweli za kuuza: kiti kisichopatana na mgongo wako hata baada ya mto na marekebisho, nguzo nene zinazokuficha watoto wanaovuka barabara, tumbo la gari lililo chini mno kwa njia ya kwako hata baada ya kuwekewa spesa, injini ndogo kwa mwinuko huu, na ukubwa usiolingana na familia au geti. Kama baada ya wiki mbili orodha yako imejaa haya, umeshapata jibu.

Jambo moja lisingoje wiki mbili. Kama hulipendi gari kwa sababu linakutia hofu, breki zinazama, linavuta upande ukikanyaga breki, usukani una uwazi, liache nyumbani mpaka litazamwe. Hapo mwili wako umetambua hatari kabla ya akili. Na usikimbilie kuliuza likiwa hivyo hivyo kwa mtu asiyejua.

Wakati tatizo ni kuendesha kwenyewe

Wapo wasiopenda kuendesha gari lolote. Wengine walinunuliwa na ndugu walioko Ghuba, wengine walisukumwa na hadhi, maana mtu aliyeenda Nairobi akarudi Pwani kwa basi huulizwa maswali. Wengine walipenda zamani, kisha macho yakabadilika, magoti yakaanza kuuma, au walipata ajali na hawajaisema kwa sauti. Pima macho kabla ya kupima bei ya gari. Ni kipimo cha asubuhi moja.

Mtu wa namna hii akiuza Note akanunua Mazda Demio hajatatua kitu. Ana njia tatu: mtu mwingine wa nyumbani achukue leseni awe dereva wa familia, gari libaki kwa safari maalumu na mtu wa kuliendesha akodiwe kwa siku, au gari liuzwe na pesa zisinunue gari jingine. Hiyo ya tatu watu huiona kama kushindwa. Mimi siioni hivyo, lakini inataka hesabu.

Hesabu ya kubaki na hesabu ya kubadilisha

Tuchukue mfano, na wewe uweke tarakimu zako mahali pa hizi. Gari lina thamani ya shilingi 650,000. Bima kubwa kwa mwaka, tuseme 35,000. Sevisi na matengenezo 40,000. Thamani inayopotea kwa mwaka 50,000. Jumla ni 125,000, sawa na kama shilingi 2,400 kwa wiki, na hujaweka petroli wala maegesho ya mjini. Sasa hesabu wiki yako ya kweli: matatu siku tano, teksi ya simu siku ya soko, boda mara moja moja. Kama unaliendesha gari mara mbili kwa wiki kwa kulazimika, inawezekana teksi ni rahisi kuliko gari lako. Kama mna watoto watatu wa shule tofauti, hesabu inageuka mara moja.

Gari likikaa uani bila kutembea halitozwi kodi ya mwaka. Ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 iliyopendekezwa katika Mswada wa Fedha wa 2024 iliondolewa kabla hata ya mswada wenyewe kuangushwa mwezi Juni mwaka huo. Kodi ya barabara tunailipa ndani ya petroli. Tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Kwa hiyo anayeendesha kidogo analipa kidogo, isipokuwa bima, ambayo haijali umeendesha au hukuendesha. Betri nayo hufa kwa kukaa.

Kubadilisha gari ni ghali kuliko watu wanavyodhani, na sababu zake nyingi hupitia bandari yetu wenyewe ya Mombasa. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari kuukuu kuingia nchini likiwa limezidisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza; mwaka 2025, kwa mfano, lililosajiliwa kabla ya 2018 halikuruhusiwa. Ushuru wa forodha ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila moja ikihesabiwa juu ya nyingine. Matokeo yake yana pande mbili. Anayeuza gari lililokwisha tumika hapa nchini ana bahati kidogo, maana bei yake haianguki upesi wakati mapya ni ghali. Anayenunua anakutana na ughali huo huo. Ukiuza kisha ukanunua, faida ya upande mmoja inaliwa na upande wa pili, na katikati kuna dalali, ada za uhamisho, bima mpya, na sevisi ya kwanza ya gari usilolijua.

Hilo la mwisho ndilo zito. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari lako unajua linapokunywa oili, unajua mlango upi hukwama. Gari la mtu mwingine lina siri zake, na swali la kwanza ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza ni kwa nini linauzwa. Jibu la "simlipendi tu" unaloliuliza wewe moyoni leo, kesho utaambiwa na mwenye hilo unalotaka kununua.

Safari za Pwani na haki ya wengine

Kuna hesabu ambayo mtaalamu wa magari hataiweka, na kwetu sisi ni kubwa. Simu inapigwa saa nne usiku: fulani amefariki, mazishi ni kesho adhuhuri. Kutoka Kabiria hadi Mombasa ni karibu kilomita 490. Tangu Juni 2017 iko Madaraka Express, na kwa safari ya kupangwa ni nzuri, saa tano au sita umefika. Lakini treni ina saa zake, stesheni ya Nairobi iko Syokimau, upande wa pili wa jiji, na ile ya Mombasa iko Miritini. Anayezika Lamu, Malindi au Vanga bado ana safari mbele yake. Usiku kama huo gari lako, unalolichukia, ndilo linalojaa shangazi wawili na binamu.

Usikisie ni mara ngapi. Hesabu za mwaka uliopita kwa vidole: misiba, harusi, sikukuu. Wengi watapata mara mbili au tatu, na kwa mara hizo kukodi gari au kuchanga na jamaa huenda kukawa nafuu. Wengine watapata nane. Na uliza pia nani anaendesha. Dereva anayelichukia gari, kachoka na kazi ya mchana, akashika Mombasa Road usiku katikati ya malori akitaka tu safari iishe, ni hatari kwa waliomo. Kwa mtu huyo basi la usiku ni salama zaidi, hata kama gari liko uani limeoshwa.

Kisha kuna majirani na nyumba. Katika ploti nyingi gari la mtu mmoja ndilo ambulansi ya wote: mama mjamzito anakimbizwa Mbagathi au Kenyatta usiku wa manane, mtoto ana pumu. Hawana haki ya kukuzuia kuuza mali yako. Ila mke, mume, na mzee aliyechangia kulinunua wana haki ya kusikia kutoka kwako kabla hawajaliona gari limesimama yadi na karatasi kwenye kioo. Nimesikia ugomvi wa miaka ulioanza hapo, na bei ya gari haikuwa kubwa hata kidogo.

Ukiamua kuuza

Peleka gari likatazamwe na kukadiriwa na mtu asiyelinunua. Chama cha Magari cha Kenya, AA, hufanya kazi hiyo, na wapo wakadiriaji wengine. Kama limeishi Pwani, ujue mnunuzi wa Nairobi atainama kutazama chini. Chumvi ya bahari hula bati, na kutu iliyofichwa kwa rangi mpya humfanya mtu ahisi kuna jingine lililofichwa. Sema kasoro unazozijua mwenyewe. Bei itashuka kidogo, na utalala.

Yadi itakutangazia na kukukata asilimia, au itakununua kwa bei ya chini ulipwe upesi. Kuuza mwenyewe kunaleta pesa zaidi na simu nyingi za watu wasio na nia. Kutana na mnunuzi mchana, mahali penye watu, kaa ndani ya gari anapolijaribu, na usimwachie ufunguo eti akamwonyeshe fundi wake. Kuhusu malipo: M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Anayekuonyesha ujumbe wa simu kwamba amekutumia 650,000 kwa mkupuo hajakutumia kitu. Pesa zipite benki, na wewe uulize benki yako kama zimeingia, usitazame karatasi ya mnunuzi.

Sehemu inayowaumiza wauzaji ni logibuku. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 9 kinatoa siku 14 baada ya kuuza. Zikipita, gari halifai kuwa barabarani bila mwenye mpya kusajiliwa. Hata hivyo bado kuna mtindo wa kumpa mnunuzi logibuku na sahihi, yeye auze kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, jina likibaki lako. Gari likigonga mtu Githurai au likikutwa limebeba bangi Kwale, atakayetafutwa kwanza ni wewe. Na namba za gari hapa kwetu hubaki na gari, hazirudi kwako.

Kwa hiyo uhamisho uanze na kumalizika mkiwa pamoja. Muuzaji huuanzisha katika akaunti yake ya NTSA ndani ya eCitizen, akaingiza taarifa za mnunuzi, na mnunuzi akaukubali katika akaunti yake. Ada hutegemea ukubwa wa injini. Patanani mapema nani analipa. Mkataba wa mauzo uwe na majina kamili, namba za vitambulisho na PIN za KRA, namba ya chasisi, bei, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhi. Saa ni muhimu, maana kosa la kamera au ajali ya jioni ile ile itahitaji kujua gari lilikuwa la nani. Kama logibuku ina jina la benki au sacco pamoja na lako, deni lifutwe na wao wajiondoe kwanza; mnunuzi makini ataangalia rekodi za NTSA na daftari la dhamana lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na atakuta kila kitu.

Bima haihamii kwa mnunuzi kwa kukabidhi ufunguo. Andikia kampuni siku hiyo hiyo, irudishe cheti, na uulize kiasi kilichobaki cha mwaka. Mnunuzi aondoke na bima yake mwenyewe. Sura ya 405 inamtaka awe angalau na ya mtu wa tatu kabla ya kugusa barabara.

Kabla ya kumkabidhi, fungua kila droo. Toa karatasi za hospitali, risiti zenye namba ya simu, na kile kifaa cha kulipia Expressway kama unacho, la sivyo utaendelea kumlipia mwenzako. Futa simu yako kwenye redio, na kwenye ramani ufute palipoandikwa nyumbani.